Maji ya Mwenyekiti

Klabu yetu ina desturi ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Mwenyekiti akitaka mchezaji fulani atolewe uwanjani, hapigi simu wala hapigi kelele. Anampa katibu chupa ya maji. Katibu anashuka ngazi za jukwaa, anazunguka nyuma ya goli, anafika kwenye benchi letu, anamkabidhi kocha ile chupa na kumnong'oneza namba. Kocha anashukuru kwa maji. Muda si mrefu kibao cha kubadilisha wachezaji kinainuliwa, na mchezaji anatoka kana kwamba ni kocha aliyemchoka.

Mimi nimewahi kutolewa kwa chupa hiyo. Nilikuwa nahodha wa klabu hii hii, kiungo mwenye mguu wa kushoto ambao mashabiki waliuita Nyundo, mpaka jina likanishika mimi mzima. Nilianza kulipwa kwa kucheza mpira wakati mama yangu bado ananisuka nywele. Nikachezea timu ya taifa, nikacheza ugenini kwenye baridi ya kupasua midomo, nikarudi, nikaolewa, nikazaa. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe nikarudi mazoezini, na wale niliokuwa nawakimbiza zamani nikawakimbiza tena. Tukafika fainali. Kabla ya mapumziko nikamwona katibu anashuka na chupa, na kibao kilipoinuliwa kilikuwa na namba yangu. Sikuwa nimepoteza hata pasi moja ya maana.

Kocha wa wakati ule, mzee mwenye heshima zake, alinifuata nje ya chumba cha kubadilishia nguo. "Binti yangu," akasema, "si mimi." Nilimjibu kwamba ningeumia kidogo zaidi ya hapo kama angekuwa yeye, lakini angalau ningejua nina kocha.

Sikupangwa tena mechi nzima. Nikatundika viatu, nikaenda kusomea ukocha. Wenzangu darasani walisema wamekuja kwa mapenzi ya mchezo. Hongera kwao. Mimi nilikuja kwa hasira, na nilifaulu vizuri tu.

Mwenyekiti ni yule yule. Alinipa timu kwa sababu jina langu bado linaleta watu jukwaani, na kwa sababu alidhani mtu aliyenyamaza mara moja atanyamaza maisha.

Sasa, nina mchezaji wangu wa kiungo, namba sita, tunamwita Kimya. Kwa jina hilo hatukumwonea. Unaweza kusafiri naye kutwa nzima ukamsikia akipiga chafya tu. Alijifungua, akarudi, akakimbia peke yake asubuhi mpaka pumzi ikakaa sawa, na tulipofika mechi ya mwisho ya msimu hakukuwa na mtu katika kikosi changu anayeusoma mchezo kama yeye. Tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Nikampanga.

Mwenyekiti alinikuta kwenye korido, mlangoni mwa chumba chetu, mlango uko wazi na wachezaji wamo ndani, pale panaponuka dawa ya kuchua na soksi mbichi. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Dada kocha," akasema, "yule mama mtoto mwache aanze, sawa, watu wamwone. Lakini mapema kipindi cha pili umtoe."

"Kwa sababu gani, mwenyekiti?"

"Ana mtoto mchanga. Akili yake iko nyumbani. Timu si kliniki ya wazazi."

"Na wewe una watoto wangapi?"

Akacheka, akanipiga bega kama vile nimesema jambo zuri sana. "Utapata ujumbe," akasema, akaenda zake kukaa kivulini.

Kipindi cha kwanza nilikiangalia kwa jicho moja, jicho jingine liko jukwaani. Tulikwenda mapumziko bila bao, Kimya akiwa mchezaji bora kuliko wote ishirini na wawili. Wasichana walipokuwa wanakunywa maji nikamvuta pembeni msaidizi wangu, kaka mmoja mpole aliyekuwa kipa enzi zake.

"Tunabadilisha watatu sasa hivi," nikamwambia.

Ligi yetu inaruhusu watatu tu. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu anayesema haumwi. "Wote kwa pamoja? Na mtu akiumia?"

"Tutacheza pungufu."

"Kocha, utamwaga unga."

"Unga wenyewe wangu."

Na msidhani nilimwonea mtu. Mmoja alikuwa na kadi ya njano na hasira zake, mwingine alikuwa anachechemea, wa tatu alikuwa amelala macho wazi. Kocha yeyote angewatoa, labda si kwa mpigo. Mwamuzi wa akiba aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ainue kibao kabla mkono haujafa ganzi.

Kipindi cha pili kikaanza. Hatukukaa sana, katibu huyo. Anashuka na chupa yake, jasho linamtoka, viatu vinavyong'aa vimejaa vumbi la nyuma ya goli. Katibu si mtu mbaya. Ni mtu wa kutumwa tu, na amezoea.

"Maji, kocha," akasema. Akainama sikioni. "Namba sita."

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Wachezaji. Nimeshabadilisha wote watatu. Sheria hainiruhusu hata nikitaka, na sitaki."

Nikaipokea chupa, nikafungua, nikanywa yote mbele yake, maana kwa kweli jua lilikuwa kali. Wachezaji wa akiba wakageukia upande wa pili ili asione wanacheka. Akarudi alikotoka, na ngazi zile nadhani hazijawahi kuwa ndefu kwake namna ile.

Mwenyekiti mwenyewe akashuka mpaka kwenye uzio. Miwani ameivua. "Filimbi ya mwisho ikilia," akasema kwa sauti ya chini, "huna kazi."

"Basi niache niimalizie," nikasema, nikampa kisogo.

Ningependa niwaambie kwamba baada ya hapo mambo yalininyookea. Beki wangu wa kulia alichanika msuli akikimbilia mpira ambao hata hakuwa na haja nao, akatolewa kwa machela, tukabaki kumi. Jukwaa zima likanigeukia. Nilitukanwa matusi ambayo sikujua kama yana wingi. Msaidizi wangu hakunikumbusha aliyoniambia, na kwa hilo nilimheshimu.

Kimya akaziba pengo la kulia bila kuambiwa, kisha akarudi kati, kisha tena kulia. Alikimbia kazi ya watu wawili. Wapinzani wakagonga mwamba, wakapiga kona juu ya kona. Mpira ulipotoka nje karibu na benchi akaja kuufuata, akasimama mbele yangu ameshika magoti, uso umepauka, akazungusha vidole viwili hewani. Katika mpira hiyo ina maana moja tu. Alikuwa anaomba atolewe.

"Siwezi," nikamwambia. "Nafasi zimekwisha. Nilizimaliza ili wasikutoe."

Akainua kichwa. Macho yake sikuyapenda. "Nani alikuomba?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu asubuhi, na yalinichoma. Nilikuwa nimemfungia mwenyekiti mlango, na Kimya nimemfungia ndani. Nikampa mpira mkononi. Akaurusha, akaingia tena.

Dakika za mwisho hakukimbia tena kwa sababu hakuwa na nguvu za kukimbilia. Alitumia akili. Alipata mpira mguuni, akaupeleka kwenye kibendera cha kona ya wapinzani, akawapa mgongo, akaukinga kwa kiuno na makalio. Mabeki wawili wakampiga mateke ya vifundo kila walipoona refa haangalii. Hakuanguka. Filimbi ikalia akiwa bado pale kibenderani, na ilibidi wenzake wamwambie mechi imekwisha.

Sare, bila bao. Tumebaki ligi. Jukwaa lililokuwa linanitukana likaanza kuimba Nyundo, na sikujisumbua kulipungia mkono. Nilikwenda kuchukua begi langu. Kimya alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, miguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Samahani," nikasema. "Nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Ulipaswa," akasema. Akatazama begi. "Unaenda wapi?"

"Nimefukuzwa."

Akatoa miguu kwenye ndoo, akatoka nje peku, akiacha nyayo za maji kwenye korido nzima. Nikamfuata kwa sababu nilifikiri amechanganyikiwa na uchovu. Nje, mwenyekiti alikuwa mbele ya mtangazaji wa redio, akieleza hewani jinsi yeye na kamati yake walivyopanga ile mbinu ya kubadilisha watatu kwa mpigo. Nakwambia alikuwa anaieleza vizuri kuliko mimi.

Kimya akaukamata mkono wa mtangazaji, pamoja na kipaza sauti chake, akauleta mdomoni.

"Mwenyekiti alituma nitolewe kwa sababu nimezaa," akasema. "Kocha amekataa. Sasa amefukuzwa. Leo nimechoka, nimeomba kutoka, na nimechoka kwa sababu nimecheza, si kwa sababu ya mtoto. Atakayesema nitoke ni kocha. Kocha mwenyewe ni huyu." Akamrudishia mtangazaji mkono wake.

Mashabiki waliokuwa kwenye uzio walisikia kila neno, na wasiosikia pale walisikia redioni. Mwenyekiti akatazama uzio, akatazama kipaza sauti, akacheka kwa meno yote. "Nani amesema kocha amefukuzwa?" akauliza. Nikamwambia, hewani, kwamba ni yeye, na kama amebadili mawazo aseme sasa hivi watu wanasikia. Akasema.

Msimu mpya Kimya alirudi kutoka likizo mzito, pasi zake zinachelewa, na kwenye nafasi yake palikuwa na binti mwingine anayewaka moto mazoezini. Nilimwita kabla ya kubandika majina, nikamuuliza anajionaje. Akasema yuko tayari. Nikamwambia mimi naona bado, na mechi ya kwanza nikamweka benchi. Alininunia wiki nzima, ingawa kwake hiyo ni vigumu kuitofautisha na siku za kawaida.

Mwenyekiti alinipigia simu kuuliza, kwa adabu, kwa nini namba sita haanzi.

"Kwa sababu nimeamua," nikamwambia, nikakata.