Ubao wa Sakafuni

"Mama Pamela, hivi mtoto akishapanda hicho kidude na huu mteremko wetu, atakwenda kusimama wapi? Si mpaka Moshi mjini?"

Justina, jirani yake, aliuliza hivyo siku moja walipokuwa wakikata majani ya ng'ombe, akacheka mpaka akashika kiuno. Salvina hakucheka. Alifunga mzigo wake, akajitwisha, akasema, "Atasimama Mungu atakapomsimamisha." Lakini njia nzima ya kurudi swali lile lilimwandama kama inzi.

Kidude chenyewe kilikuwa skeitibodi, ubao mfupi wenye magurudumu manne chini. Mtoto anaukanyaga kwa mguu mmoja na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Salvina hakuwa ameuona kwa macho. Alielezwa na mjukuu wake Evaline walipokuwa wanamenya ndizi za mtori, na huko kuelezwa tu kulikuwa muujiza, maana Evaline alikuwa haongei. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia sali, anapiga magoti. Zaidi ya "ndiyo bibi" na "hapana bibi" hukupata kitu.

"Dar kulikuwa na kaka jirani anayo skeitibodi," alisema jioni ile, macho yake kwenye ndizi. "Alikuwa ananiazima. Mama alikuwa ananishika mkono."

Kisu cha Salvina kilisimama juu ya ndizi.

Huyo mama aliyeshika mkono ndiye Pamela, mtoto pekee wa Salvina aliyekuwa amebaki hai. Alifia Dar es Salaam, akaja kuzikwa Uru, kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo wa mumewe. Baada ya mazishi mumewe, Ronald, alimleta mtoto Kibosho na begi moja la nguo. "Mama, kaa naye kwanza, nijipange," alisema. Akajipanga kweli. Kabla mwaka haujageuka, habari zikapanda mlima kwamba ana mke mwingine ndani. Hata misa ya kumbukumbu ya marehemu hakuja. Salvina aliketi peke yake benchi la mbele, na watu wakamwona.

Alikuwa amechoka, Salvina. Si uchovu wa jembe, huo unaondoka ukilala. Alikuwa amezika watoto, akamzika mume wake Urbanus, akamzika na Pamela, na kila alipoamka ilikuwa kama ameambiwa aanze kuupanda mlima upya kutoka chini. Ila sasa kulikuwa na mtu wa kumchemshia uji. Kwa hiyo alitaka jambo moja tu duniani: Evaline abaki kwake mpaka amalize darasa la saba. Naye alijua hana haki ya kulitaka. Kwa desturi za huku mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Bibi mzaa mama analea, hamiliki. Krismasi Ronald angerudi kama Wachaga wote wanavyorudi, na angemdai mtoto wake. Labda, aliwaza, mtoto mwenyewe akisema "nabaki kwa bibi", baba ataona haya kumburuta.

Ndiyo maana Salvina alishuka soko la Memoria, Moshi mjini, kuutafuta ule ubao.

Soko la mitumba lilikuwa limefurika. Tangu milango ya nchi ifunguliwe, Wazungu walikuwa hawatupi kitu; kila kilichowachosha kilikuja Moshi. Alipita sidiria, alipita makoti ya baridi, akafika kwa kijana mmoja aliyeuza vigari vya watoto na baiskeli zisizo na minyororo.

"Shikamoo bibi. Karibu. Leo nina viatu vya misa, ngozi tupu."

"Marahaba. Viatu ninavyo. Natafuta ule ubao wa magurudumu wa kusimama."

Kijana akamtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Wa kupanda wewe, bibi?"

"Mimi nikipanda, utanizika wewe? Wa mjukuu."

Wauzaji wa meza ya jirani wakaangua kicheko. "Thadeus, umepatikana leo!" mmoja alisema. Thadeus akacheka nao, akainama chini ya meza, akatoa mbao tatu.

Ya kwanza Salvina aliigonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga chungu kabla ya kukinunua. Akatega sikio. "Hii imepasuka."

"Aisee! Hata mimi sikuona." Akairudisha chini haraka. "Basi chukua hii. Hii ndiyo ya kuanzia, bibi. Ona ilivyo pana, mtoto hadondoki ovyo. Magurudumu makubwa, laini, bonyeza uone. Njia ya vumbi iliyoshindiliwa anapita, kokoto ndogo anapita."

Salvina akabonyeza. Gurudumu lilibonyea kidogo chini ya kidole gumba chake, akalipenda. Akaugeuza ubao kuangalia tumbo lake. Fuvu la mtu lilikuwa limechorwa pale, meno nje, linacheka. Aliuachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Yesu na Maria!"

"Picha tu hiyo, bibi."

"Mtoto amemzika mama yake, udongo haujashikana. Nikamsimamishe juu ya fuvu?"

"Piga msasa, inatoka yote."

"Na mimi nitakayekuwa nimeipiga msasa, nitakuwa sijui kilichokuwepo?"

Thadeus akauweka kando. Ubao wa tatu ulikuwa mwembamba, umepakwa bluu, bluu ileile ya joho la Bikira kule kanisani kwao, na katikati una nyota moja nyeupe. Magurudumu yake yalikuwa madogo, magumu kama jiwe. Thadeus alilizungusha moja kwa kidole, likazunguka, likazunguka, likaimba kama nyuki, halikutaka kusimama.

"Beringi ziko hai," alisema. "Lakini nikwambie ukweli, bibi, nisije nikaonekana tapeli. Huu ni wa sakafuni. Saruji, au lami. Huko kwenu juu, kokoto moja tu, mtoto yuko chini."

Salvina alikuwa ameshaikumbatia ile nyota kifuani. "Sakafu nitatafuta," alisema.

Na sakafu aliijua. Chama cha msingi cha ushirika kilikuwa na stoo ya kahawa karibu na barabara, jengo refu la mabati. Zamani, Urbanus alipokuwa mpimaji pale, msimu ukifika magunia yaligusa dari. Sasa wanunuzi binafsi walisimamisha magari yao barabarani, bei ilikuwa imeanguka hadi watu wanang'oa mibuni wapande nyanya, na stoo ilibaki tupu. Lakini saruji yake! Miaka yote ya magunia kuburutwa ilikuwa imeisugua ikawa kama sahani.

Mlinzi wake, mzee Aristides, aliyefanya kazi na Urbanus, alitoa ufunguo bila kuulizwa mara mbili. "Panya wanacheza humo bure," alisema. "Mtoto wa Pamela amekosa nini?"

Siku ya kwanza Evaline aliuweka ubao chini, akaukanyaga, kisha akasimama vile bila kusukuma. Akanyoosha mkono pembeni, hatazami. Salvina alihitaji muda kidogo kuelewa. Akaivaa rozari shingoni, akaenda, akaushika ule mkono.

Bibi kizee anakimbia kwa kandambili ndani ya stoo ya kahawa, magoti yanalia, mtoto anateleza kando yake: mtu angepita angesema wameingiwa na kichaa wote wawili. Jioni ile Salvina hakuweza kupanda kitanda bila kushika ukuta. Kesho yake akaenda tena. Wiki zikapita, mkono wa mtoto ukawa mwepesi zaidi katika wake, mpaka siku moja ukatoka wenyewe, na Evaline akaenda peke yake hadi ukuta wa mbali, akageuka, akacheka. Salvina aliketi juu ya gunia tupu mlangoni. Alikuwa hajakisikia kicheko cha mtoto huyu. Kilikuwa cha Pamela, hakuna tofauti.

Ulimi nao ukafunguka. Alisimulia darasani walichofanya, alimsema mwalimu, alimwita ng'ombe majina. Jioni moja, jasho likimtiririka, akasema, "Bibi, twende nyumbani, nina njaa." Hapo mwanzo alikuwa anasema "kwako". Salvina alifunga kufuli la stoo kimya, akamshukuru Mungu moyoni, na akaanza kuthubutu kuitazama Krismasi usoni.

Desemba ilipoingia, stoo ilipata mpangaji. Mnunuzi mmoja kutoka mjini aliichukua yote. Milango ikapakwa rangi, kufuli likabadilishwa, magunia yakapangwa mpaka kizingitini. Mzee Aristides alikaa kwenye jiwe nje, kofia mapajani. "Hata mimi wamenipa likizo ya milele, Mama Pamela."

Evaline hakulalamika. Aliujaribu ubao kwenye njia ya kwenda kisimani, akaenda hatua kama tatu, kokoto ikashika gurudumu, akapasuka goti. Aliujaribu kwenye ua, haukusogea kabisa. Salvina alishuka tena Memoria, safari hii kwa ule wenye fuvu. Msasa, aliwaza, na maji ya baraka juu yake. Thadeus akatikisa kichwa. "Umekwenda, bibi. Mtu wa Arusha alimchukulia mwanawe. Nilikwambia, au sikukwambia?"

"Uliniambia, baba."

Alipanda mlima akiwa mikono mitupu. Tangu hapo ubao ulikaa umeegemea ukuta wa sebule, na Evaline akarudi kwenye "ndiyo bibi" na "hapana bibi".

Siku ya pili ya Krismasi gari liliingia uani. Ronald alishuka, amenenepa kidogo, na baba yake mdogo Ildefonce, mzee wa suti ya kahawia, alimfuata akibeba dumu la mbege, pombe ya ndizi. Salvina alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Kwaresima: mwache amalize shule, ada nitahangaika mwenyewe, likizo atakuja kwako. Alisimama mlangoni nayo mdomoni. Kisha akaona Ildefonce anaingiza mkono ndani ya koti na kutoa jani bichi, refu, limefungwa fundo.

Lilikuwa isale. Maneno yote yakamkauka.

Huku mlimani mtu haombi msamaha mkubwa kwa mdomo mtupu; analeta isale. Na anayeletewa isale hana "hapana". Akilikataa, wazee husema, ameiita laana kwa jina. Pia akishalipokea hawezi tena kuweka masharti, maana nani anasamehe nusu?

"Mama," alisema Ildefonce, "kijana wetu alikukosea. Hakuja kwenye misa ya marehemu, akaoa bila kukuarifu, akakuachia mtoto kama mzigo. Tumekuja nalo. Na tumekuja kumwomba mtoto."

Ronald alikuwa ameinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Niliona aibu, na aibu ikazaa nyingine."

Salvina alilitazama lile jani. Kila asubuhi ya maisha yake alikuwa amesema, utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe. Angelala wapi na sala hiyo leo? Akanyoosha mkono, akalipokea.

"Karibuni ndani," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua gogo.

Walikaa. Evaline aliitwa, akaja, akasema "shikamoo baba" na kusimama katikati ya sebule. Ronald alimtazama muda mrefu. "Sitaki kumburuta mtoto," alisema hatimaye. "Mama umemlea. Eva, sema mwenyewe. Unataka twende Dar, au ukae na bibi?"

Salvina alishusha pumzi. Mlango alioutaka, kumbe mkwe mwenyewe ameufungua. Evaline alitazama miguu yake, akatazama ubao ukutani.

"Baba, pale nyumbani bado kuna lami?"

"Ipo. Wameirefusha mpaka kanisani."

Mtoto akamgeukia Salvina. Macho yake yalikuwa wazi, hayana hila. Yalikuwa yanataka kujua tu. "Bibi, stoo watafungua lini?"

Neno lilikuwa dogo sana. Baada ya Pasaka. Hilo tu. Mtoto angesubiri Pasaka, na Pasaka ikifika kungekuwa na neno jingine, na darasa la saba lingefika hivyohivyo, kwa hatua za maneno. Ronald asingejua. Ildefonce asingejua. Salvina aliuona uso ule, wa Pamela mtupu, ukimwamini.

"Hawatafungua, mjukuu wangu," alisema. "Ile si yetu tena."

Ng'ombe alilia bandani, Ildefonce akakohoa kwenye ngumi. Evaline akamsogelea bibi yake, akaegemeza paji la uso begani pake, akakaa hivyo mpaka Salvina akahisi joto la pumzi yake kupitia kitenge. Halafu akaenda ukutani, akauchukua ubao, akayafuta magurudumu vumbi kwa pindo la gauni lake la Krismasi, moja baada ya jingine, akaukwapatia, akatoka nje kwenda kwenye gari.