Basi Haifike Kwabo Naresh

Kwetu Likasi, muntu akikuja kuposa mutoto wako, haumuangalie sura tu. Unatuma muntu afike kwabo, aone nyumba, aulize majirani. Dada yangu mukubwa hakutuma muntu, juu bwana aliyemuposa alimwambia barabara ya kijiji chao ilikufa. Barabara ilikuwa nzima. Huko kulikuwa muke wa kwanza na batoto batano.

Donc siku Naresh alikaa mu salon yetu, hapa ugenini, juu ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, kuomba mjukuu wangu Inès, nilimuuliza kitu kimoja.

— Kwenu ni wapi, na tunafika namna gani?

Naresh ni Muhindi, anafanya kazi ya ordinateur, zile kompyuta, mu ofisi moja upande wa Schuman. Anasema Kifaransa pole pole, kama muntu anayevuka mto.

— Kijiji kidogo, maman. Tuko kama trois cents, bantu mia tatu tu. Unapanda treni, kisha basi, kisha miguu quatre kilomètres, kilomita ine. Basi haifike kwetu.

Nikakamata kikombe changu cha chai. Barabara ingine imekufa tena.

Inès anasuka bantu nywele kule Galerie d'Ixelles, na tayari alikuwa amenunua kitambaa cha ndoa. Akaniangalia mimi nyanya yake.

— Kambo, usianze.

— Sijaanza. Ninakunywa chai.

Naresh alipoenda, nikamwambia mutoto wangu Guylain atafute kile kijiji mu telefone, kwa jina Naresh alilotuachia. Akakipata, akasoma: bantu sept cents douze, mia saba na kumi na mbili. Basi ya serikali: iko, ndani ya kijiji.

— Aah bon! Sasa bantu quatre cents, mia ine nzima, amewaficha wapi? Na basi?

— Pengine alisahau, maman.

— Muntu anasahau basi?

— Alors hao quatre cents wote ni bake zake!

Guylain akacheka peke yake. Mimi nilikuwa natafuta mumoja tu.

Siku ya Mungu, dimanche asubuhi, Naresh akarudi na paketi ya majani ya chai. Nikamuwekea telefone mbele. Alisoma, akatoa kicheko kidogo ambacho sikukipenda.

— Hii ni hesabu ya zamani, maman. Basi ilikuwa inafika. Mvua ikabeba daraja, basi ikaacha. Kwa karatasi ndiyo ingali inafika.

— Na bantu?

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nyumba ya mjomba wake, bantu saba, walihamia mjini. Nyumba ya fundi viatu, mlango una kufuli. Dada zake wawili waliolewa mbali.

— Na mimi. Mimi pia niko ndani ya sept cents douze.

Ingeweza kuwa kweli. Lakini bwana wa dada yangu pia alikuwa anajua kueleza.

— Bon. Nipe mama yako, nimuone.

— Nyumbani hakuna réseau, maman, telefone haishike. Mpaka atembee afike barabara kubwa.

— Atembee. Nitangoja.

Naresh akapigia muntu wa duka la pale barabarani amutume mutoto kumuita, tukangoja karibu masaa mawili. Mimi nilichambua maharagwe. Inès alikuwa anazunguka kati ya jiko na mlango.

Mama ya Naresh akatokea mu telefone, amesimama kando ya lami, anapumua sana, nguo imejaa vumbi mpaka magotini. Hakucheka. Alisema maneno marefu, Naresh akashika shingo.

— Anauliza kama kweli Inès anakaa hapa, ao hii ni nyumba ya kuazima. Na kama kwenu basi inafika.

Mimi huyu! Nikabeba telefone mpaka dirishani. Chini, basi ya namba soixante et onze ilikuwa imesimama, bantu wanashuka na mifuko yao. Mama aliangalia mpaka ikaondoka. Akasema kitu kifupi. Naresh akainamisha kichwa.

— Sema, nikamwambia.

— Anasema tungoje ya pili. Moja inaweza kuwa ya kukodi.

Guylain alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilibaki pale, mkono umenyooka, mpaka ya pili ikafika. Mama anayeficha mukamwana, muke wa mutoto wake, ndani ya nyumba hatembei quatre kilomètres juani kuja kuchunguza mwingine.

— Inès, nikasema bila kugeuka, toa kile kitambaa tukione. Lakini kwabo nitaenda, hata kwa miguu.