Changarawe Kwenye Pindo

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto mezani, fundi cherehani alipunguza tena sketi ya shule ya binti yake. Alifumua mshono wa ubavuni, akakunja kitambaa kwa ndani, akatia pini, akamwambia mtoto ageuke. Ukimtazama kwa ubavu alikuwa mtoto kamili wa darasa la sita, shavu limejaa, goti lina kovu. Alipogeuka kumkabili mama yake, akabaki na upana wa kamusi iliyosimamishwa rafuni, macho yake mawili yamesogeleana kama watu wanaonong'onezana.

"Bado inapwaya?"

"Kidogo, hapa kiunoni."

"Ungekuwa unakula."

"Nakula, mama. Mkate nimeumaliza mimi, muulize baba."

Kula alikuwa anakula. Mizani ya zahanati ilionyesha uzito uleule, na daktari, ambaye naye aliendesha baiskeli kwenda kazini na koti lake jeupe sasa lilimzunguka mara mbili, alimsikiliza moyo akasema upo mahali pake, umekaa upande tu kama abiria wa dirishani. Akaandika dawa ya minyoo, ili wasiondoke mikono mitupu.

Sababu yenyewe kila mtu aliijua. Nyuma ya nyumba zao, kati ya mtaa wao na mtaa wa pili, ilipita njia ya changarawe isiyoingia gari. Ilianzia mjini, ikapenya nyuma ya nyumba, ikatokea kwenye uwanda wa malisho ambao ni wa wote, kisha ikaingia msituni na kuishia mlangoni pa shule. Zamani baiskeli tatu zilipita sambamba na wapandaji wakipiga soga. Lakini kila mwaka, kabla ya mvua, watu walipopunguza matawi ya nyua zao, walikuwa na desturi ya kuusogeza ua wenyewe nje kidogo. Hatua moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa ardhi ya wote. Ua wa miti ukawa wa mabati, mabati yakawa matofali. Njia ikawa nyembamba, na wanaopita kila siku wakawa wembamba pamoja nayo.

Barabara kuu ilikuwepo, lakini huko malori yalikimbia kama yanadaiwa roho. Msusi wa mtaani aliwahi kwenda nayo kwa baiskeli asubuhi moja, akagongwa kwenye mzunguko, na mpaka leo kuna wateja wake ambao hawajapata mwingine wa kuwasuka. Baba mtu alijaribu mara moja kumsindikiza mtoto kwa njia hiyo. Walirudi, kinga ya tope ya gurudumu la nyuma imekunjwa na kitu ambacho baba hakutaka kukisimulia. Tangu hapo, mtoto alikwenda kwa njia ya changarawe.

Mtaani walimwita Kengele, kwa kuwa aliipiga kengele ya baiskeli yake hata pasipo na mtu. Kila jioni mama yake aliisubiri sauti hiyo kwenye kona ya ukuta, mguu umekanyaga pedali ya cherehani bila kuisukuma. Ikilia, alishona. Ikichelewa, alijichoma sindano.

Alishonea kwenye chumba kipya. Mumewe, muuza vigae, alimjengea mwaka juzi, baada ya miaka mingi ya kushonea sebuleni huku watu wakikalia vitambaa vya wateja. Kilikuwa na dirisha kubwa, meza ndefu ya kukatia, na sakafu ya vigae vilivyobaki dukani, kila kimoja na rangi yake. Alikipenda chumba hicho kuliko alivyowahi kupenda kitu kisichopumua. Kilisimama chote juu ya ardhi iliyokuwa njia, na hilo pia alilijua.

Kazi iliongezeka. Akina mama wa mitaa yote miwili walimletea sare za watoto wao apunguze, wakakaa kwenye benchi, wakalaumu.

"Hawa watu wa upande wa pili hawana haya," mmoja alisema. "Ukuta wao unakuja tu."

"Wanakuja kweli," fundi alisema, pini mdomoni.

Hakuna aliyeutazama ukuta walioegemea.

Kikao kiliitishwa. Mwenyekiti wa mtaa alisema penye wengi hapaharibiki neno, na maneno yakawa mengi. Kila mmoja alikuwa tayari kurudisha ua wake, mradi jirani aanze. Mwisho waliamua kuweka kibao pale njia inapoanzia: TAFADHALI PITENI MMOJA MMOJA. Kibao kilipowekwa, nguzo yake ilichukua nafasi kidogo, na watoto wakapungua tena.

Huko msituni hali ilikuwa tofauti. Hakuna aliyejenga msituni, hivyo njia ilibaki na upana wake, na Kengele alimsimulia mama yake jinsi wanavyofanya wakifika kwenye miti ya kwanza. Wanaacha kukanyaga pedali, baiskeli zinateremka zenyewe, changarawe inasagika chini ya matairi, wanavuta pumzi, na mabega yanafunguka.

"Yanafunguka vipi?"

"Kama mwavuli. Halafu jioni tunayafunga."

Mama alicheka, kisha akaenda jikoni akalia kidogo, bomba la maji likiwa wazi.

Jumamosi moja mtoto aliomba kwenda na wenzake kuzunguka msitu, akakubaliwa. Alishinda huko kutwa nzima. Alasiri kengele ililia, lakini haikulia kwenye kona. Ililia palepale nyuma ya chumba cha kushonea, ukutani, na haikuacha.

Fundi alitoka na mkasi mkononi. Binti yake alikuwa amenasa kati ya ukuta wao na ukuta wa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, juu ya baiskeli yake, mpana na mzuri kama alivyokuwa darasa la tatu. Mabega yake yalikuwa yamegusa matofali huku na huku. Kidole kimoja tu kilikuwa huru, na ndicho kilichopiga kengele.

"Nilisahau kujifunga, mama."

"Usijali, mwanangu. Tulia. Baba anakuja."

Baba alikuja na nyundo. Mwalimu mstaafu naye alitokea upande wake, na yeye ana nyundo. Walisalimiana. Baba aliinua nyundo, akautazama ukuta, akaona kwa ndani dirisha na meza na vigae vya rangi rangi, akaishusha.

"Mwalimu, naona wako ndio rahisi kuubomoa. Ni matofali matupu."

"Nyuma yake kuna tangi la maji, baba. Wako hauna kitu."

"Wangu una chumba."

"Basi toa tofali moja tu, nami nitatoa moja."

"Anza wewe, wewe ndiye mkubwa."

Nyundo zote mbili zilikaa chini zikingoja. Fundi alitazama uso wa mtoto wake, akautazama ukuta wa chumba chake. Alitaka kusema, "Bomoa." Neno lilifika mpaka kwenye meno. Alijiona tena sebuleni, anawaomba watu wanyanyuke atoe kitambaa, na akachelewa kufungua mdomo.

Kengele akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, bila hasira. Kisha akatoa pumzi yote aliyoivuta msituni. Ilitoka kwa muda mrefu, ikipeperusha vumbi la matofali. Mabega yakarudi, akapenya, akaacha damu kidogo ukutani pande zote mbili, sawasawa, hivi kwamba hakuna aliyeweza kulalamika.

"Ahsante Mungu," mwalimu alisema, akarudisha nyundo yake ndani.

Baada ya hapo mtoto hakuvuta tena pumzi msituni. Ulipokuja msimu wa upepo alikuwa amebaki na unene wa bahasha, na fundi, ambaye kwa miaka mingi ametia vizito kwenye mapindo ya mapazia yasipeperuke, alitoka na bakuli, akachota changarawe njiani, akazishona moja moja kwenye pindo la sketi. Mtoto akitembea, zilisikika. Sasa mama aliisubiri sauti hiyo pia, na jioni hakuziba upenyo wa chini ya mlango, kwa kuwa mtoto alizoea kuingia kwa chini, kwanza mkono, kisha shavu.

Mvua zilikaribia. Jioni moja mumewe alikuwa nyuma ya nyumba na koleo, zege limeshakorogwa, uzi umevutwa hatua moja mbele ya ukuta. Mtaa mzima ulikuwa nje, kila mtu na zege lake.

"Nianze?" aliuliza kupitia dirishani. "Zege litakauka."

Fundi aliacha kushona, akasikiliza. Kutoka mbali, upande wa msitu, kengele ililia, ndogo.

"Subiri kwanza mtoto apite," alisema.