Jasho la Mfalme

Mashuka ya mfalme yalikuja yakiwa hayanuki kitu. Dobi aliyafunua juu ya jiwe la kufulia, akayageuza, akayaleta puani. Hakuna jasho, hakuna dawa ya kuchua, hakuna hata doa la uji ambao mzee alikuwa akiumwaga kila asubuhi tangu mkono uanze kumtetemeka. Yalikuwa yamekunjamana, ndiyo, lakini mikunjo yenyewe ilikuwa ya viganja vya mtu. Mgonjwa gani huyu anayelala bila kulala?

Alimfulia mfalme yule tangu ujana wake, alipopenda farasi kuliko watu na mashuka yakija na matope. Alifua ya harusi. Alifua ya vita vilivyomrudisha na kidonda pajani, na ya ile miaka ya woga, mfalme alipolala na viatu miguuni asije akashtukizwa na ndugu zake. Wenye vitabu waliandika ushindi. Dobi alijua jinsi mshindi alivyojikojolea usiku ule kaka yake aliponyongwa.

Sasa aliwaza sheria moja. Mfalme akifa, milango ya magereza hufunguliwa kabla kaburi halijafukiwa, asizikwe na laana ya mtu. Na mumewe, mwashi, alikuwa ndani tangu masika kwa mzaha alioutoa akijenga ukuta wa kasri: "Ukuta unarefuka, mkate unafupika." Wenzake wote walicheka. Mmoja alicheka, kisha akaenda kusema.

Mara ya mwisho alipomwona, mwashi alikuwa akitema damu. "Mke wangu," alimwambia, "mimi na huyu mzee tunashindana nani atatangulia. Niombee nishindwe."

Basi kama mzee alishatangulia, mumewe alikuwa akiozea gerezani kwa amri ya maiti.

Msimamizi wa kasri alipopita kukagua nguo, dobi alimsogelea.

"Bwana mkubwa, haya hayajalaliwa."

Msimamizi alitazama nyuma yake kwanza. "Umemwambia nani?"

Swali hilo lilikuwa jibu tosha.

"Sijamwambia mtu. Namtaka mume wangu tu."

"Mama, wana wa mfalme hawaivi chungu kimoja. Neno hili likitoka leo, nchi itaungua. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Apite lini, bwana? Mume wangu anatema damu!"

Msimamizi aliyapapasa mashuka, akatabasamu. "Una macho wewe. Na wengine wanayo. Kitanda kikavu kitatuumbua. Njoo ulale humo, utoke jasho, na nikikugusa mguu, ukohoe. Mambo yakitulia, mumeo atakuwa wa kwanza kutoka."

"Nitaaminije?"

"Usiamini. Lakini una njia gani nyingine?"

Hakuwa nayo. Alijua kwamba mumewe ndiye kufuli la mdomo wake, na msimamizi hakuonekana mtu wa kuacha kufuli wazi. Alijua pia kwamba aliyeona siri ya wakubwa hazeeki. Akajikaza kisabuni, akamfuata.

Walimfunika mablanketi, wakasogeza jiko la makaa, wakashusha pazia zito. Chumba kilijaa ubani. Chini ya ubani ilikuwapo harufu nyingine, ikitokea nyuma ya mlango wa ndani. Hakuthubutu kuutazama mlango ule.

Wakaanza kuingia wenye shida zao. Mfanyabiashara mmoja alitaka chumvi yote ya nchi iuzwe na yeye peke yake. Dobi akaguswa mguu, akakohoa. "Mfalme ameridhia," alisema msimamizi. Akaja tajiri aliyetaka mashamba ya wajane kando ya mto. Kikohozi kimoja, na mashamba yakapata bwana mpya. Dobi aliona aibu hata ya kujifuta jasho. Miongoni mwa wajane wale alikuwamo dada yake.

Kisha fimbo ikagonga sakafu taratibu, na sauti aliyoizoea kila siku jikoni kwake ikasema, "Mwanangu mwashi, ee mfalme. Alikosa kwa mdomo, hakukosa kwa moyo. Nirudishie nikamwuguze."

Mama mkwe. Dobi angepiga kelele, lakini mkono wa msimamizi ulikuwa umeukamata mguu wake, umeubana mpaka mfupani. Haukumgusa kama awali. Ulimkataza.

Lakini kila aliyekoholewa alikuwa amepewa. Dobi akakohoa. Akakohoa kwa nguvu zake zote, tena na tena, mpaka machozi yakamtoka.

Msimamizi akangoja kikohozi kitulie.

"Umesikia mwenyewe, bibi," alisema msimamizi kwa upole. "Mfalme amekataa."

Bibi kizee alipiga magoti, akaliinamisha paji lake mpaka sakafuni.

"Ahsante, baba," akasema. "Mungu akuzidishie umri."