Bahasha Aliyoifungua Mzee Kisaka

Mgeni anaingia bila hodi, saa nane mchana, Namsifu akiwa ameegemeza shavu kwenye rundo la fomu, na mgeni huyo ana koti jeupe, viatu safi, ila uso hana. Mahali pa uso ni laini kama ganda la yai. Namsifu, mwaka wake wa tatu tangu ahitimu chuo, msaidizi katika utafiti wa homa ya uti wa mgongo, anajua kwamba amesinzia. Anajua, na bado anasimama ampishe kiti. Sikuja kukaa, anasema mgeni, kuna mtu anakungoja. Nani? Yule uliyempa bahasha aifungue. Na mlango unafunguka, nje hakuna korido, kuna barabara ya vigae vya wodi inayonuka dawa ya kudekia, wanafika mwisho wake na inaanza upya, wanafika tena na inaanza tena, na kando yake miji miwili inatazamana kama mtu na kioo chake: vitanda vilevile, mapazia yaleyale ya kijani, mama yuleyule anayempepea mumewe kwa kipande cha boksi. Kulia ni waliopewa dawa mpya, dozi moja kubwa ya dripu, kisha vidonge. Kushoto ni waliochomwa dawa ya zamani wiki mbili nzima. Kulia watu wanaamka, wanaulizia uji, wanagombania redio. Kushoto mapazia yanavutwa, moja, jingine, jingine. Kwa nini msiwavushe? anauliza Namsifu. Wa kushoto ndio walioonyesha njia, anajibu mgeni, na njia haikupita kwao. Sema kama watu! Nasema kama waliokuajiri.

Hasira inampanda Namsifu hadi masikioni, anatembea haraka, na barabara inajikunja na kumwingiza kwenye ukumbi wenye zulia, ambako Dakta Mbwilo, mkuu wa utafiti, anaonyesha mchoro ukutani na watu wanapiga makofi. Mchoro umejaa nukta. Nukta zinakohoa. Hawa wameambiwa matokeo? anapaza sauti Namsifu. Karatasi tuliyowasomea ilisema wataambiwa! Dakta anatabasamu. Binti yangu, matokeo yamechapishwa kwenye jarida, kila mtu anaweza kusoma. Kwa Kiingereza, Dakta, kurasa kumi na mbili! Aliyesaini kwa dole gumba asome kwa nini, kwa dole? Ukumbi unacheka, kisha unanyamaza, kwa sababu Dakta ameacha kutabasamu. Ukimpigia mshiriki yeyote simu bila ruhusa yangu, anasema, kesho usije kazini. Na makofi yanaanza tena, marefu, kama mvua juu ya bati, hadi yanamsukuma nje.

Nje, katikati ya miji miwili, Mzee Kisaka amekaa kwenye benchi, kofia gotini. Shikamoo mzee. Marahaba, mwanangu, umekonda, hao wafadhili wako wazungu hawakulishi? Anacheka kidogo, halafu hacheki. Mke wangu Nakijwa alikuwa hajitambui, anasema, ukanipa bahasha ya kuamua apewe dawa ipi, ukaniambia, fungua wewe mzee, uwe sehemu ya jambo hili. Nikafungua. Sasa wanangu wanasema mkono wangu ndio uliomchagulia mama yao kifo. Mwaka mzima hawali nami sahani moja. Ni kweli?

Namsifu anakaa kando yake. Utaratibu ulisema bahasha ifunguliwe na mtafiti. Yeye aliwapa ndugu kwa huruma, ili wasijione watazamaji tu, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeondoka na bahasha ile moyoni. Si kweli, anasema. Zilikuwa na namba, mzee, zimepangwa kabla hujafika. Ningeifungua mimi, angeifungua mlinzi, ingekuwa ileile. Mzee anamtazama. Mimi nakuamini, anasema, lakini wao je? Waite, nitawaambia wenyewe, anasema Namsifu. Naahidi. Mgeni asiye na uso anainama sikioni mwake: anayesema hapa, mlango alioingilia haumtambui tena. Basi mlango usinitambue, anasema Namsifu.

Anainua shavu. Fomu zimemkwaruza. Anatafuta jina kwenye orodha, anabonyeza namba, na inapoita Dakta Mbwilo anasimama mlangoni. Unampigia nani? Simu inapokelewa. Haloo, mzee Kisaka, ni Namsifu wa hospitali. Najua, mwanangu, inasema sauti, si ndiyo kwanza umeondoka hapa kwenye benchi? Nimewaita watoto kama ulivyosema. Nimeweka spika. Rudia.

Weka hiyo simu chini, anasema Dakta, na Namsifu anamtazama usoni, na kwa muda hana hakika kama pale pana uso. Naitwa Namsifu, anasema kwenye simu. Mama yenu alipata dawa ya zamani, na siku ile hakuna aliyejua kwamba mpya ni bora. Bahasha nilimpa baba yenu mimi. Nilikosea. Namba yake ilikuwa imeshapangwa, mkono wake haukuchagua kitu. Dakta ananyoosha kiganja, anataka funguo za ofisi. Namsifu anaziweka pale, simu ikiwa bado sikioni, na anaanza kuwaeleza tena tangu mwanzo, kwa sababu upande wa pili kuna kijana anayelia na kusema hajasikia vizuri.