Chupa Moja kwa Macho Yote

Macho mekundu yalipoingia karakana yetu ya kushona sare, cherehani nane zilisimama siku mbili. Mafundi walikuwa wanaamka kope zimegandana kwa tongotongo. Mimi mkubwa wao, kimbelembele changu hakijawahi kunitoka. Nilitoa kabatini dawa ya matone aliyoandikiwa mume wangu baada ya upasuaji wa jicho, nikawatia wote. Wiki ya pili walikuwa wazima, nami natembea kifua mbele. Wakaanza kuniita Daktari, nikaitika.

Ndipo mdogo wangu wa tumbo moja akaja na jicho moja jekundu. Yeye ndiye anayetarizi nembo kwenye mifuko ya mashati. Kazi ile ni ya macho, na ndiyo inayomlisha na wanawe. Hakuwa na tongotongo. Alisema jicho linamchoma kwa ndani, mwanga wa dirisha unamuumiza, na kando ya mdomo alikuwa na malengelenge. Akaomba ruhusa aende hospitali. Nikamwambia aache kudeka, wenzake wamepona kwa chupa hii hii. Jamani, nilimshika kidevu mwenyewe, nikamtia matone.

Siku ya nne wekundu ukapungua. Nikamtania mbele za watu. Yeye hakucheka, alisema anaona ukungu, na nikamwona anachoma sindano nje ya mstari. Niliingiwa na hofu, lakini nikaendelea kumtia. Siku ya tisa alijishona kidole.

Hospitali, daktari aliomba chupa. Akaisoma, akauliza nani alimwandikia. Nikasema ni ya mume wangu. Akaeleza taratibu kwamba macho mekundu ya wenzake yalikuwa ya kupita tu, yangepona hata bila dawa. Ya mdogo wangu yanatokana na virusi vya yale malengelenge, na yana dawa yake. Matone yangu kazi yake ni kutuliza uvimbe. Yalifuta wekundu, huku virusi vikikila kioo cha jicho kwa nafasi.

 

Kisha daktari akaliziba lile jicho zima kwa kadi, akanyoosha vidole vitatu mbele ya lile bovu. Tukasubiri. Mdogo wangu alikaa wima, ametulia, kama mwanafunzi anayengoja swali. Halafu akageukia upande wangu.

"Dada," akasema, "ameshaanza?"