Kopo la Kuamshia

Kila asubuhi, kabla abiria hawajashuka kunywa chai, dada wa maji alifuta mdomo wa bomba kwa kitambaa chenye dawa, akapanga bilauri safi upande wa kulia, kisha akasimama. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kusimama. Abiria wa meli ile ya watalii walikuja na chupa zao, za plastiki, za bati, za kioo, na kila mmoja alitaka kuichomeka yake moja kwa moja chini ya bomba kama anayekamua mbuzi. Hairuhusiwi. Mdomo wa chupa umeguswa na mdomo wa mtu, na mdomo wa mtu una mambo yake. Ukigusana na mdomo wa bomba, tumbo la mmoja linakuwa tumbo la meli nzima. Kwa hiyo dada wa maji alipokea chupa, akajaza bilauri, akamimina kutoka kwenye bilauri bila kugusanisha chochote, akairudisha chupa, akasema karibu tena. Sauti yake ilikuwa ndogo, na abiria wengi waliisoma hiyo karibu tena midomoni mwake tu.

Maji yalitoka baharini. Huko chini, karibu na injini, mtambo uliyavuta, ukayachemsha, ukaunasa mvuke wake na kuiacha chumvi. Kisha fundi wa maji aliyarudishia madini kidogo na dawa ya kuua vijidudu. Yalikuwa safi, hilo halikuwa na ubishi. Ila hayakuwa na ladha ya mahali popote. Kuyanywa kulikuwa kama kuongea na mtu anayekubali kila unachosema.

Chini ya kaunta, nyuma ya madumu ya sabuni, dada wa maji aliweka chupa yake mwenyewe. Ilikuwa chupa laini iliyowahi kuwa ya sharubati, kifuniko cha kijani, mbavu zimebonyea. Siku ya kuondoka kwao mama yake aliijaza kwenye pampu ya mkono iliyo uani, akamwambia, "Haya, ukifika huko usiseme hukupewa kitu." Maji hayo aliyanywa kwa uchoyo. Yalipobaki kiasi cha vidole viwili akaacha kuyanywa, akawa anafungua kifuniko na kunusa tu: chuma, udongo uliolowa, bati la kopo lao. Mkataba wake ulipokwisha, ofisi ya meli ilimwambia kwamba mtu wa kumbadili hajapatikana, avumilie. Ulipokwisha tena, ikamwambia vilevile. Pasi yake ya kusafiria ilikaa kwenye kabati la ofisi, kwa usalama. Mvumilivu hula mbivu, walimwambia. Yeye alihofia zimeshaoza.

Pampu ya kwao ilikuwa nzee, na kama wazee wengi haikuanza kazi kabla ya kunywa kitu. Ikilala usiku kucha, maji yake yalishuka, na asubuhi ukiisukuma ilikohoa hewa tupu. Ndipo ulipoimiminia maji kidogo, ikameza, ikanong'ona, ikaamka. Kwa hiyo majirani wote walioitumia walikuwa na sheria moja: anayemaliza kuteka huacha kopo la kuamshia. Mtu aweza kukunyima chumvi na ukamsamehe. Kopo, hapana.

Sasa siku moja, baada ya fundi kubadilisha tangi, bomba la dada wa maji lilikohoa. Likatoa hewa, likakohoa tena. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mbele alisimama babu mmoja mjane, aliyesafiri na chupa mbili, yake na ya marehemu mke wake, na zote mbili alizijaza kila siku. Dada wa maji alikisikia kile kikohozi, na mikono yake ikafanya iliyozoea kufanya tangu utotoni, kichwa chenyewe kikiwa mbali. Aliinama, akaitoa chupa yake, akaubana mdomo wa chupa kwenye mdomo wa bomba, akaiminya. Vidole viwili vya maji vikapanda vikaingia.

Bomba likameza. Likanong'ona. Likatoa maji.

Babu alikunywa bilauri ya kwanza palepale, akaishika tupu kwa muda.

"Binti," akasema, "haya maji yana kwao."

"Ndiyo, babu."

"Jaza na ya mke wangu. Huwa hapendi kupitwa."

Kufikia mchana habari zilikuwa zimepanda sitaha zote. Watu walioacha kunywa maji ya meli tangu bandari ya kwanza walirudi na chupa, wengine na vyombo vya maua. Fundi wa maji naye akaja na kisanduku chake cha kupimia. Alitia tone la dawa, akatazama rangi, akaonja, akajikuna shingo.

"Vijidudu hakuna. Chuma kidogo. Haya ni maji ya chini ya ardhi."

"Ndiyo, kaka."

"Na sisi tuko katikati ya bahari."

"Ndiyo."

Akaweka sikio kwenye bomba. Mbali ndani yake kitu kilikuwa kikilia, kwii, kwaa, kwii, kwaa.

"Pampu ya mkono hiyo," akasema. "Mpira wake wa ndani umechakaa. Mwambie mwenyewe aubadilishe, atajichosha bure." Akafunga kisanduku chake, akaenda kula.

Meli ilipotia nanga na abiria wakashuka kununua kofia, ukumbi ulinyamaza. Dada wa maji alisogeza uso karibu na bomba. Kwanza alisikia kuku. Halafu akamsikia mama yake akimwambia kuku, "Na wewe, huna kwenu?" Kisha pampu ikasimama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unaongelea kwenye pampu?"

"Ndiko kulikopatikana."

"Haya. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Akamtajia. Mama akasema hicho si chakula, ni pambo.

Wakawa wanaongea hivyo kila bandari. Mama alimweleza kuku gani ametaga na nani amemsusia nani. Dada wa maji, ambaye melini angeweza kumaliza wiki bila kusema zaidi ya karibu tena, aliongea mpaka bomba likapata ukungu wa pumzi yake. Mwisho wa kila mazungumzo mama aliuliza lilelile.

"Unarudi lini?"

"Wakimpata wa kunibadili."

"Huyo mtu wanamtafuta kwa tochi gani?"

Basi walisikiliza kuku pamoja. Hata huko kusikiliza kuku kulikuwa kutamu kuliko maongezi ya melini.

Katika bandari iliyofuata, sauti ya mama ilikuwa na pumzi nzito.

"Pampu imeanza visa. Nasukuma mpaka bega linaimba, napata nusu ndoo. Jirani anasema nimeficha maji uvunguni."

"Mvua je?"

"Mvua imenyesha vizuri tu. Kuna mahali maji yanakwenda, sisi hatupajui."

Dada wa maji alijua. Jioni hiyo abiria waliporudi alizitazama chupa moja moja. Mama mmoja alijaza yake, akaenda pembeni, akaosha kwa maji hayo mchanga wa ufukweni kwenye kandambili zake. Kijana mmoja alionja, akasema hayajapoa vya kutosha, akayamwaga yote kwenye sinki, akaomba mengine. Dada wa maji akampa mengine. Alisema karibu tena.

Asubuhi alikwenda kwa msimamizi wa ukumbi, mtu mpole aliyevaa tai hata wakati wa joto.

"Bosi, naomba bomba langu lifungwe."

"Kwani limeharibika?"

"Maji yake yanatoka kwetu. Huko yanakwisha."

Msimamizi alilifikiria jambo hilo, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiria.

"Dada, kila kitu humu kinatoka nyumbani kwao mtu fulani. Yale maembe ya asubuhi unadhani yameota kwenye injini?"

"Hapana, bosi."

"Basi. Malalamiko ya maji yamekwisha kabisa. Waambie nyumbani tunashukuru sana."

"Kama haliwezi kufungwa, naomba nirudi kwetu."

"Sasa hapo ndipo pagumu," akasema msimamizi, na kweli alionekana kusikitika. "Akisimama mwingine linatoa maji ya kawaida, tumeshajaribu. Mkataba wako nimeuongeza jana."

Fundi wa maji, alipoulizwa namna ya kulifunga, hakuficha. Njia ilikuwa ileile iliyofungulia. Aliyeliamsha bomba kwa mdomo wa chupa angelilaza kwa mdomo wa chupa, ila safari hii kwa dawa kali ya kusafishia matangi. Akamjazia kidogo kwenye chupa ya siki.

"Lakini ukililaza, limelala," akasema. "Na sauti nayo."

Dada wa maji akaiweka chupa ya siki chini ya kaunta, kando ya ile yenye kifuniko cha kijani. Alijiambia atafanya kesho. Ilipofika kesho akajiambia bandari bado, wacha amsikie mama mara moja tu. Akawa anajaza. Husemwa damu ni nzito kuliko maji, na yeye kila siku aliyapima yote mawili kwenye bilauri.

Bandarini mama aliongea kwa furaha, na hilo ndilo lililomtisha.

"Leo pampu imetoa mchanga. Nimecheka peke yangu. Nikasema, kumbe huyu mtoto ana kiu hivi!"

"Mama, umejua?"

"Nisijue nini? Nakusikia kwenye pampu, maji yanakwenda kwenye pampu. Mimi sikusoma lakini hesabu hiyo ndogo. Kunywa, mwanangu. Usijinyime. Nikijua ni wewe unayekunywa, mimi nitakwenda mtoni, miguu ninayo."

Dada wa maji alishika bomba kwa mikono miwili. Ukumbini mwote mapangaboi yalizunguka juu ya meza tupu.

"Mama, si mimi ninayekunywa."

Huko kwao kuku alipiga kelele, akanyamaza.

"Ni nani?"

"Watu. Mimi ninajaza tu."

Mama akaisogeza ndoo, ikalia tupu. Kisha akasema, taratibu, kama anayemwagiza mtoto dukani, "Basi funga, mwanangu."

"Nikifunga sitakusikia."

"Najua. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Haya. Funga."

Akaichukua chupa ya siki, akabana mdomo kwa mdomo, akaminya. Bomba lilimeza, likanong'ona neno ambalo hakulipata vizuri, likanyamaza. Alipolifungua tena lilitoa maji safi, yenye harufu ya bwawa la kuogelea, yasiyo na ladha ya mahali popote.

Abiria walilalamika. Babu mjane alionja, akaifunika chupa ya mkewe bila kuijaza, akamgusa dada wa maji begani, akaenda zake. Msimamizi hakumgombeza mtu. Alimwita fundi, akamuuliza maji ya namna ile hupatikanaje, na fundi, ambaye hakujua kudanganya, akamweleza. Jioni wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Yeyote aliyekuja na maji ya kwao, hata tone, hata kitambaa kilichokauka bila kufuliwa, aje nalo kwenye mabomba.

Mwoka mikate alikuwa na kichupa kidogo kilichofungwa kwa nta. Dada wa maji alimvuta kando.

"Kaka, utawakausha."

"Najua. Umeshatueleza."

"Sasa?"

"Nimsikie baba mara moja tu," akasema mwoka mikate. "Wewe si ulimsikia mama?"

Akampisha.

Bomba la mwoka mikate lilitoa maji ya mvua yaliyopita kwenye bati. La mfua nguo lilitoa maji ya mto, yenye harufu ya matete. La mtandika vitanda lilitoa maji ya chemchemi, baridi mpaka meno yakauma. Msimamizi aliweka kibao kizuri juu ya kila moja. Abiria walipita na bilauri ndogo wakionja na kulinganisha, wakisema huu mto ni mzuri kuliko ile mvua. Meli ilipotia nanga wafanyakazi walipanga mstari, kila mmoja uso karibu na bomba lake, wakinong'ona. Mikataba yao ikaongezwa, maana hakukuwa na mwingine ambaye angeweza kusimama pale.

Dada wa maji alihamishiwa kwenye kukausha bilauri. Chupa yake ya kifuniko cha kijani alikwenda nayo, tupu, akaiweka kwenye rafu nyuma ya vitambaa. Siku moja alipovuta kitambaa aliiona ina maji. Vidole viwili. Akafungua kifuniko, akanusa: chuma, udongo uliolowa, bati la kopo. Hakushangaa. Anayemaliza kuteka huacha la kuamshia, na mama yake hajawahi kuivunja sheria hiyo kwa mtu yeyote.

Msimamizi alipita, akasimama, akaweka sawa tai yake.

"Dada, maji ya kwenu ndiyo yaliyopendwa kuliko yote. Hukubakiza hata tone?"

"Yaliisha, bosi."

"Pole sana."

"Asante."

"Na yule wa kukubadili bado tunamtafuta."

"Sawa, bosi."

Alipokwenda zake, dada wa maji alikaza kifuniko, akakaza tena, akairudisha chupa nyuma ya vitambaa. Akachukua bilauri iliyofuata. Mgongoni kwake mabomba yote ya ukumbi yalikuwa wazi, na kila moja lilikuwa likimwita mtu kwa jina la utotoni. Alisikiliza moja moja huku akikausha, ingawa alijua hakuna litakalomwita yeye.